Je, wajua kwa nini Lua, lugha ya kuandikia programu, hukwambia jedwali lenye vitu vitatu lina sufuri?

Kijana wa Nairobi anayejifunza Lua ili atengeneze mchezo wake anaweka njia za matatu kwenye jedwali: `njia[58] = "Buruburu"`, `njia[111] = "Ngong"`, `njia[125] = "Rongai"`. Anauliza `#njia` akitarajia 3. Anapata 0.

Wengi hukimbilia kusema lugha ina kasoro. Haina. Tatizo ni ile imani kwamba alama ya reli, `#`, huhesabu vitu. Haihesabu chochote! Hutafuta mpaka, yaani nafasi yenye kitu ambayo inayoifuata ni tupu, `nil`. Nafasi ya 1 ikiwa tupu, basi 0 nayo ni mpaka halali. Funguo za maneno, yaani vitu vilivyowekwa kwa jina badala ya namba, kama `njia.mmiliki`, haziangaliwi kabisa, hata ziwe elfu.

Lua ilizaliwa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1993; alama hii iliingia na toleo la 5.1, mwaka 2006.

Kwa nini mpaka, si idadi? Kasi. Chukua matatu ya viti 14 ambamo abiria hujaza kiti cha 1, cha 2, cha 3, bila kuruka. Makanga hana haja ya kupitia kila kiti. Anaangalia cha 7. Kina mtu? Abiria wa mwisho yuko hapo au kwenye namba kubwa zaidi. Kitupu? Atafute kwenye namba ndogo. Kila akiangalia, nusu ya viti vilivyobaki inaondoka, ndiyo maana jedwali la vitu milioni moja humalizika kwa hatua 20 hivi. Ni ujanja mzuri mno, ila una sharti: pasiwe na pengo. Abiria wakiwa watano, wa kiti cha 4 akishuka na wa 5 akabaki, jibu laweza kuwa 3 au 5, na mwongozo wa lugha unayakubali yote mawili. Utakalopata hutegemea jedwali lilivyopangwa ndani ya kumbukumbu, kwa hiyo usilitegemee.

Hivyo basi, kwenye orodha `t` yenye namba mfululizo kuanzia 1, usifute kwa `t[4] = nil`. Tumia `table.remove(t, 4)`, ambayo husogeza waliobaki na kuziba pengo.

Kwa jedwali la njia, hesabu mwenyewe:

`local idadi = 0`
`for _ in pairs(njia) do idadi = idadi + 1 end`

Hapo utapata 3. Kama jedwali ni kubwa na idadi unaihitaji kila mara, weka kihesabio pembeni: ongeza moja ukiingiza ufunguo mpya, punguza moja ukifuta.