Mtoto Mzima Ndiye Tunayemtafuta

"Mtoto wangu mzima, nendeni kwa wenye wagonjwa." Hakuna kauli inayotufungia milango zaidi ya hii tunapopita mitaa ya Mombasa kuandikisha familia zenye watoto wa chini ya miaka mitano kwa utafiti wa madini ya risasi.

Mama, risasi haina upele wala mafua. Mtoto anaweza kuwa na mikrogramu 10 katika kila desilita ya damu na bado akala, akacheza, akalala vizuri. Kinacholiwa polepole ni akili na utulivu wake, mambo yatakayoonekana akishaingia shule, na hapo lawama atabebeshwa mwalimu. Tumbo likianza kusokota na choo kuwa kigumu, watu hukimbilia dawa ya minyoo. Degedege ikifika, kiwango kimeshapanda sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama, na kuanzia mikrogramu 5 chanzo kitafutwe. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya 2020 ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani amefika hapo au amepita. Wengi wao ukiwauliza mama zao, ni wazima.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, zenye risasi ndani, kilikuwa jirani ya mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa tangu 2007 hadi 2014, na mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu hiyo. Phyllis Omido, aliyeongoza vita ile, alianza na mwanawe mwenyewe, aliyetibiwa maradhi mengine kabla mtu hajafikiria risasi.

Halafu kuna hesabu. Nikipima wagonjwa peke yao, mwenye kiwanda atasema nimechagua, na atakuwa na haki. Ndiyo maana nyumba huchaguliwa kwa kura. Yako ikikataa, siruhusiwi kuruka kwa jirani eti kwa sababu yeye ni mkarimu na ana mtoto anayekohoa. Pengo linabaki pengo.

Madai mengine ninayoambiwa milangoni nitayapitia haraka.

"Damu mnauza." Mumiani wa siku hizi, naambiwa, huvaa kitambulisho shingoni. Kipimo cha kidole kinataka mikrolita 50, yaani tone moja au mawili. Mtoto wa kilo 10 ana kama mililita 750. Biashara gani hiyo?

"Nikitia sahihi nimefungwa." Unaweza kujitoa hata katikati ya maswali, bila kueleza sababu, na kliniki utahudumiwa kama kawaida. Ila ile nakala ya fomu itunze, usifungie maandazi.

"Mkimkuta nayo mtamtibu." Utafiti si hospitali. Tutakupa majibu na barua ya rufaa. Kidole kikionyesha kiwango cha juu, damu ya mshipa hupimwa kuhakikisha, maana vumbi la ngozini hudanganya kipimo. Ndiyo sababu tunamwosha mtoto mikono kwa sabuni, si kwamba tunamwona mchafu. Dawa ya kutoa risasi mwilini kwa mtoto hufikiriwa kuanzia mikrogramu 45. Chini ya hapo kazi kubwa ni kuondoa chanzo.

"Maziwa husafisha sumu." Mafundi rangi ndio mabingwa wa hili. Kalsiamu hupunguza kiasi kinachofyonzwa tumboni, basi. Iliyokwisha kuingia kwenye mifupa haitolewi na pakiti ya maziwa. Afadhali baba anayeshinda gereji au kwenye vyuma chakavu aoge na kubadili nguo kabla hajampakata mtoto, kwani tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima.

Na wanja. Najua bibi atanuna, lakini baadhi ya wanja wa jiwe ni jiwe lenye risasi nyingi lililosagwa, na mtoto akijifikicha macho vidole vinakwenda mdomoni. Mkubali kuandikishwa au mkatae, huo mfuteni leo.