Je, wajua kwa nini mtu huahidi dola bilioni moja katika shindano lisilo na kiingilio?

Mwaka 2014 kampuni ya mikopo ya nyumba ya Marekani, Quicken Loans, ilitangaza kwamba atakayebashiri washindi wa mechi zote za mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu, asikosee hata moja, atalipwa dola bilioni moja. Kushiriki kulikuwa bure. Zawadi ilikatiwa bima kwa Berkshire Hathaway, kampuni ya bilionea Warren Buffett. Watu wakajaza mikeka, yaani fomu za ubashiri, kwa wingi. Mashindano yakaanza Alhamisi, na siku iliyofuata Mercer, chuo kidogo cha Georgia, kikaifunga Duke, chuo kigogo wa mchezo huu, 78-71. Ijumaa hiyo hiyo ikaisha hakuna mkeka hata mmoja uliobaki mzima.

Je, waliahidi wakijua hawatalipa? Walijua hesabu, na hesabu ndiyo inayowezesha mambo haya yote.

Kila mwezi Machi timu 68 huitwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Nane hupambana kwanza katika mchujo, zinabaki 64, zikiwa zimegawanywa katika kanda nne. Ndani ya kanda timu hupewa namba kwa ubora, 1 hadi 16, na namba 1 huanza na namba 16, namba 2 na namba 15, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukifungwa umetoka. Ili abaki bingwa mmoja kati ya timu 64 zinahitajika mechi 63, na kila mechi ina majibu mawili tu. Zidisha mbili kwa mbili mara 63 na utapata 9,223,372,036,854,775,808. Hiyo ndiyo idadi ya mikeka tofauti inayoweza kujazwa. Hata kila binadamu aliye hai, wote bilioni nane, akijaza mkeka wake usiofanana na wa mwingine kwa kubahatisha, uwezekano wa mmoja wao kupatia wote ungekuwa kama mmoja katika bilioni moja na zaidi kidogo.

Utasema wajuzi hawabahatishi, na ni kweli. Tuseme unaujua mpira huu kiasi kwamba kila mechi una asilimia 70 ya kupatia, kiwango cha juu kwa mechi zote 63. Bado nafasi yako ya mkeka usio na kosa ni moja kati ya zaidi ya bilioni tano. Mwaka 2019 mtu mmoja wa Ohio alipatia mechi 49 za mwanzo mfululizo, rekodi kubwa kuliko zote zilizothibitishwa, na mkeka wake ukachanika kwenye ya 50. Vigogo nao huanguka: mwaka 2018 Virginia, namba 1, ilifungwa na UMBC, chuo cha Maryland kilichokuwa namba 16, tena kwa 74-54, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea kwa wanaume tangu timu zifike 64 mwaka 1985. Mwaka uliofuata Virginia hiyo hiyo ikabeba ubingwa. Nani angeyaandika hayo kwa kujiamini?

Ndiyo maana bima ya zawadi kubwa kama ile inawezekana. Mwandaaji hulipa ada inayojulikana, mwenye bima anabeba hatari ambayo ni ndogo mno. Mwandaaji naye hupata alichokitaka: majina, anwani na barua pepe za watu. Quicken Loans iliwauliza washiriki hata habari za mikopo ya nyumba zao. Kwa maoni yangu hapo ndipo mshiriki anapaswa kusoma fomu kwa makini, kwa sababu anatoa kitu chenye thamani hata kama mfukoni hakutoka senti.

Kwa nini basi wasitoze hata dola moja? Sheria za Marekani. Panapokutana vitu vitatu, yaani zawadi, bahati na malipo ya kuingia, hiyo ni bahati nasibu, na mtu binafsi au kampuni hairuhusiwi kuiendesha. Ondoa malipo, shindano linabaki halali. Baa moja ya Staten Island, New York, ilianzisha shindano la mikeka mwaka 1977 na watu 88, kila mmoja akitoa dola 10, mshindi achukue zote. Kufikia mwaka 2006 zawadi ilipita dola milioni 1.5, watu wa kodi wakaanza kuuliza, na mchezo ukafungwa.

Zawadi zinazolipwa kweli ni zile za mikeka bora, wala si mikeka kamili, na kwangu mimi hilo ndilo shindano la haki. Hapo kazi kubwa ya mwandaaji ni kupanga pointi. Mfumo uliozoeleka hutoa pointi 1 kwa kila mechi ya raundi ya kwanza, kisha 2, 4, 8, 16, na 32 kwa bingwa. Kila raundi kwa ujumla ina pointi 32, kwa hiyo anayepatia bingwa anapata sawa na aliyepatia raundi nzima ya kwanza.

Chukua mwaka 2009. Mtanzania Hasheem Thabeet alikuwa nguzo ya UConn, timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, namba 1 katika kanda yake. Aliyeiandika UConn kuwa bingwa alivuna 1, 2, 4 na 8, jumla pointi 15, mpaka nusu fainali kule Detroit, ambako Michigan State iliwafunga 82-73. Usiku huo mmoja zilipotea pointi 48: 16 za nusu fainali na 32 za ubingwa. Aliyeiandika North Carolina, mabingwa wa mwaka ule, alitoka na 63 kwa timu hiyo peke yake. Wanaoona mfumo huu unambeba mno bingwa hutumia 1, 2, 3, 5, 8, 13, au humwongezea pointi aliyethubutu kuiandika timu ndogo ikashinda. Mimi napenda huu wa pili, maana unamlipa aliyefuatilia vyuo visivyoonyeshwa sana kwenye televisheni.

Fomu hufungwa kabla ya mechi ya kwanza Alhamisi mchana, na baada ya hapo hakuna kurekebisha. Sare za pointi huamuliwa na swali moja la mwisho kwenye fomu: fainali itakuwa na pointi ngapi kwa jumla ya timu zote mbili? Ya 2023 na ya 2024 zote zilifikia 135, ya 2025 ikawa 128.