Je, wajua? Wagothi waliingia Milki ya Roma kwa ruhusa ya Kaizari

Ukiuliza Wagothi, watu wa jamii ya Kijerumani, waliingiaje katika Milki ya Roma, wengi watakujibu kwamba walivamia. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi. Niliwaona akilini wakishuka kutoka kaskazini kama mafuriko, wakivunja ngome na kuchoma miji, hadi mwaka 410 wanauteka mji wa Roma wenyewe. Picha hiyo imekosea pale pa kuanzia, na kosa hilo huharibu kila kinachofuata.

Mwaka 376 Wagothi walifika ukingo wa kaskazini wa Mto Danube, katika sehemu inayozitenganisha Romania na Bulgaria za leo. Walikuwa wakiwakimbia Wahunni waliotokea nyika za mashariki, na walikuja na wake, watoto na wazee wao. Hawakuvuka kwa nguvu. Walituma wajumbe hadi Antiokia, alikokuwa Kaizari Valens, kuomba hifadhi, wakakaa ng'ambo kungoja jibu. Valens aliwahitaji kwa ajili ya jeshi lake, akakubali. Kundi la Watervingi, chini ya Alavivus na Fritigern, likavushwa usiku na mchana kwa mashua, kwa vyelezo vya mbao na kwa mitumbwi ya magogo.

Wala hawakuwa wageni kabisa. Kwa vizazi walikuwa wamefanya biashara na Warumi mpakani, na vijana wao waliajiriwa katika jeshi la Kaizari. Askofu Wulfila alikuwa ameshawatafsiria Biblia, kwa herufi alizowaundia yeye mwenyewe. Idadi yao ndiyo yenye utata. Eunapius, mwandishi wa zama hizo, anataja karibu 200,000, na wanahistoria wengi wa leo wanaiona kubwa mno. Ammianus Marcellinus, askari mstaafu wa Roma ambaye ndiye shahidi wetu mkuu, anasema kuwahesabu kulikuwa kama kuhesabu mchanga.

Sasa, watu waliopokewa kwa amani waligeukaje adui? Jibu ni chakula, na jinsi kilivyouzwa.

Fikiria kisiwa chenye duka moja tu, na mwenye duka ndiye pia anayeshika ufunguo wa kivuko. Umefika na watoto wako, shamba hukuja nalo, na kuondoka huruhusiwi. Siku ya kwanza utatoa fedha. Zikiisha utatoa vyombo, kisha nguo. Vyote vikiisha, mwenye duka bado hajashiba, nawe umebaki na wanao tu. Ndivyo walivyofanyiwa Wagothi na maofisa wawili wa Roma, Lupicinus na Maximus. Ammianus anaeleza kwamba walikusanya mbwa kila walikowapata, wakawauza kwa wenye njaa: mbwa mmoja kwa mtu mmoja, ambaye alichukuliwa utumwani. Hata watoto wa wakuu wa Wagothi walichukuliwa. Ammianus alikuwa Mrumi, hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wagothi, na ndiyo maana ushahidi wake unaniuma zaidi.

Manung'uniko yalipopanda, Lupicinus aliwatoa askari mtoni ili wawasindikize Wagothi kuelekea mji wa Marcianople. Jeshi lake lilikuwa kama shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Mto ulipobaki bila ulinzi, kundi la pili, Wagreutungi, ambao walikuwa wamenyimwa ruhusa, wakavuka. Huko Marcianople Lupicinus aliwaalika wakuu wa Wagothi karamuni, huku watu wao wakizuiwa kuingia mjini kununua chakula. Mapigano yakazuka, Lupicinus akaamuru walinzi wa wakuu hao wauawe, Fritigern akaponyoka. Vita vikaanza.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Waliouzwa wakaanza kurudi. Kila siku, anaandika Ammianus, walijiunga na Fritigern watu waliokuwa wamebadilishwa kwa mvinyo mbovu au vipande vya mkate. Baadhi ya waliojiunga naye waliijua nchi, nao wakawaonyesha wapiganaji ghala za nafaka zilizofichwa.

Tarehe 9 Agosti 378, karibu na Adrianople, ambao leo ni Edirne nchini Uturuki, jeshi la Valens lilipoteza kama theluthi mbili ya watu wake. Valens naye alikufa, na mwili wake haukuonekana. Mwaka 382 Wagothi walipewa ardhi ndani ya milki, kwa makubaliano kwamba wangepigana upande wa Roma.

Alaric, aliyekuja kuwaongoza tangu mwaka 395, yaelekea alikuwa mtoto mdogo wakati wa njaa ile ya Danube. Alipouzingira mji wa Roma mwaka 408, yeye ndiye aliyewafungia wengine chakula. Ili aondoke alilipwa ratili 5,000 za dhahabu, ratili 30,000 za fedha, na ratili 3,000 za pilipili manga, karibu tani moja, iliyokuwa imevuka Bahari ya Hindi kutoka India. Mwaka uliofuata alipunguza sana madai yake kwa Kaizari Honorius. Aliomba jimbo la Noricum, katika Austria ya leo, lililokuwa limechakaa kwa vita, na nafaka kila mwaka, kwa kiasi ambacho Kaizari mwenyewe angeona kinatosha.

Honorius alikataa. Tarehe 24 Agosti 410, Wagothi waliingia Roma kupitia Lango la Salaria.