Kwa nini napenda programu iliyoandikwa na penseli

Programu yangu ya kwanza niliipata ikiwa na karanga ndani. Nilikuwa darasa la sita, nimetoka madrasa, na pale Mwembe Tayari, Mombasa, palikuwa na mzee aliyekuwa akikunja karatasi kuukuu mfano wa pembe, akizijaza karanga za kukaanga. Nilipomaliza kula nikaifungua ile karatasi niilambe chumvi (njaa ya utoto haina adabu), nikaona majina kumi na moja yamepangwa kama ngazi: mmoja juu, wawili chini yake, kisha watatu, kisha watano. Nikarudi kumuuliza kama anazo nyingine za aina ile. Alikuwa nazo nane, zimo ndani ya mzigo wa magazeti alioununua kwa kilo. Akaniuzia zote kwa bei ya pembe nne za karanga, na uso wake ulionyesha wazi kuwa ameniona mjinga.

Leo nikiwaambia vijana kwamba nakusanya programu za mechi, wanadhani nazungumzia mambo ya kompyuta. Nazungumzia kile kijitabu kilichokuwa kikiuzwa mlangoni mwa uwanja kabla ya mpira kuanza. Ndani mna majina ya wachezaji, salamu za mwenyekiti ambazo hakuna aliyezisoma, ratiba, na matangazo ya maduka. Uingereza kitu hiki ni desturi ya zaidi ya karne, kila mechi ya nyumbani ilikuwa na chake. Hadi 2018 klabu za madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu ya huko zililazimika kukichapisha, ndipo zikapiga kura kuondoa sharti hilo. Kwetu kilitoka siku za mechi kubwa: fainali, timu ya taifa, wageni kutoka nje. Kwa hiyo vilichapishwa vichache, na vingi katika hivyo vichache vilifungia karanga.

Zile ngazi za majina nilizoziona siku ile ndizo kitu cha kwanza kumfundisha mtu anayeanza. Golikipa, mabeki wawili, mahafu watatu, mafowadi watano. Huo ndio mpangilio wa zamani wa kandanda, na wachapaji waliushikilia miaka mingi baada ya makocha kuuacha uwanjani. Kwa hiyo usiseme "timu ilicheza na mafowadi watano" kwa sababu tu karatasi imesema hivyo. Mchapaji alikuwa na fremu yake tayari, majina yakatiwa humo.

Tatizo kubwa ni kwamba programu nyingi zinanifikia hazina jalada, na tarehe huwa iko kwenye jalada. Hapo ndipo penye utamu. Mimi huanza na matangazo. Mombasa ni mji wa bandari, na bandari imebadilisha jina mara kadhaa. Nikiona tangazo la East African Railways and Harbours, najua jina hilo lilikwisha 1969 reli na bandari zilipotenganishwa. Nikiona East African Harbours Corporation, niko kati ya hapo na 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Kenya Ports Authority ilianza 1978. Baadaye naangalia majina ya nchi, maana Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 1964, na jina la Tanzania likaja baadaye mwaka uleule. Naangalia na mashindano: Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kwa Kenya na Uganda na kupewa jina la mtengeneza sabuni, liliishia 1966, na mwaka uliofuata likawa Kombe la Challenge. Majina ya klabu nayo husema. Klabu ya Abaluhya ikiitwa Abaluhya, tuko kabla ya ile amri ya kufuta majina ya kikabila iliyoizalia nchi AFC Leopards. Mechi ikiwa uwanja wa Nyayo, Nairobi, si kabla ya 1983. Ikiwa uwanja wa Kasarani, si kabla ya 1987.

Lakini tahadhari. Wachapaji walikuwa wakihifadhi klishe ya tangazo, yaani bamba la kulichapia, na kuitumia tena, hivyo tangazo laweza kuwa na umri mkubwa kuliko mechi yenyewe. Shahidi mmoja hatoshi. Mimi nataka wawili, na ikiwezekana wasiwe wa ukurasa mmoja.

Kuhusu bandia nitasema kidogo tu, kwa sababu za kwetu hakuna anayejisumbua kuzighushi. Za Uingereza ndizo zenye taabu: ile ya fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 imechapishwa upya mara nyingi mno, na kila anayeiuza anaapa kuwa yake ni ya siku ile. Kwa programu za zamani zaidi, zilizochapwa kwa herufi za risasi, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Fumba macho, pitisha kidole taratibu nyuma ya ukurasa. Herufi za risasi zilikandamiza karatasi, na ile alama bado imo, utaihisi kama vipele vya baridi. Nakala ya mashine ya siku hizi ni laini pande zote. Tazama pia kutu ya pini za katikati. Kutu ya kweli hunywewa na karatasi na kutokeza upande wa pili. Pini mpya kwenye karatasi ya zamani huwa imekaa kama jino la bandia.

Adui wa karatasi Mombasa hahitaji kutambulishwa. Ni hewa yenyewe. Unyevu wa pwani unaleta ukungu, chumvi inaharakisha kutu, na karatasi ya bei nafuu ina asidi yake ya ndani inayoifanya iwe rangi ya chai hata ukiificha gizani. Juu ya hayo kuna mende, mchwa, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda gundi. Nazitoa pini za kutu kwa kisu butu, natumia uzi wa pamba badala yake. Kila programu ina mfuko wake wa plastiki ngumu isiyonuka. Ile plastiki laini yenye harufu ya viatu vipya hunyonya wino, na siku ukiitoa karatasi, majina ya wachezaji yanabaki kwenye mfuko. Kifurushi kipya nikikipata chenye dalili ya wadudu, nakifunga vizuri na kukitia friza wiki mbili. Mke wangu amekwisha kuzoea kukuta timu nzima imelala juu ya samaki.

Na usitie leminesheni. Nasema hivi kwa uchungu. Katika zile nane za mzee wa karanga, ile nzuri kuliko zote niliipeleka kwenye duka moja la fotokopi nilipoanza kupata mshahara, maana kwetu kitu cha thamani hutiwa leminesheni, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi leseni ya biashara. Ikatoka inang'aa. Baada ya misimu miwili ya mvua, vipovu vikaanza kujitokeza katikati, ndani ya vipovu mkaota madoa meusi. Ule unyevu uliokuwa ndani ya karatasi ulifungiwa humo na haukuwa na pa kwenda. Plastiki ile haibanduki bila kuchuna karatasi. Bado ninayo, naiona ikiliwa polepole nyuma ya kioo.

Sasa nifike nilikokuwa nakuja. Wakusanyaji wa Ulaya wana kanuni: programu safi ina bei, iliyoandikwa ina kasoro. Ikiwa na penseli pembeni, ikiwa na jina lililokatwa na jingine kuandikwa juu yake, bei inashuka. Kwenye soko lao naelewa. Mwaka 2013, mjini London, programu ya fainali ya Kombe la FA ya 1882 iliuzwa pauni 35,250, na mtu akilipa fedha hizo hataki kuona hesabu za mtu mwingine ukingoni.

Mimi napanga kinyume chake. Fikiria: programu huchapishwa kabla ya mechi. Kwa hiyo inasema mechi iliyotarajiwa. Mchezaji aliyeamka na homa yumo, aliyeitwa dakika ya mwisho hayumo, na mabao hayamo kabisa. Mechi iliyochezwa haimo ndani ya programu mpaka mtazamaji aitie mwenyewe kwa penseli. Bila penseli, nimeshika tangazo la mechi tu.

Waingereza wenyewe wana programu moja inayonitetea. Februari 6, 1958, ndege iliyobeba Manchester United ilianguka Munich na kuua watu 23, wanane kati yao wachezaji. Februari 19 timu ililazimika kucheza na Sheffield Wednesday kwenye Kombe la FA. Wakati wa kuchapa, hakuna aliyejua nani atacheza. Upande wa Sheffield una majina kumi na moja. Upande wa United una mistari mitupu kumi na moja. Majina yalitangazwa uwanjani, watu wakayaandika wenyewe, kisha United ikashinda 3–0. Hebu niambie, kwa programu ile, ni ipi yenye kasoro: iliyoandikwa, au iliyobaki mitupu?

Majina, yakishachapwa, ni kama nanga ya kumbukumbu; mtu akiyasoma anasikia sauti. Waliokua na redio hawawezi kuliona jina la Joe Kadenge kwenye safu ya Abaluhya bila kumsikia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akisema "Kadenge na mpira". Na Mbotela alikuwa wetu, mzaliwa wa Freretown, ng'ambo tu ya maji. Kadenge alifariki 2019, Mbotela 2025. Kwa watu wa hapa mjini jina ni la klabu ya Feisal, waliolileta taji la ligi Mombasa 1965, miaka miwili tu baada ya ligi ya taifa kuanza. Taji hilo halijarudi tena.

Hata hivyo nimejifunza kutobashiri ni jina gani litamgusa nani. Ninayo programu moja niipendayo sana, karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, ya timu ya Pwani na wageni. Jalada limechanika, bei imesalimika: thumuni. Kuna tangazo la reli na bandari, kuna neno Tanzania, na kuna taarifa kwamba timu itakwenda kwenye Gossage. Basi ni kati ya 1964 na 1966. Chini kabisa mtu ameandika kwa penseli, mwandiko mdogo wa karani, 1–1.

Mwaka juzi niliichukua hadi baraza moja Kibokoni, baada ya alasiri, kahawa ikizunguka. Nikamsalimu mzee mmoja ambaye watu walinielekeza kwake.

"Ami, naambiwa wewe mechi za uwanja wa Manispaa hukukosa hata moja."

"Nilikosa moja. Siku niliyooa."

Nikampa. Akavaa miwani. Nilitarajia aanze na mafowadi. Kidole kikawapita wote, kikapita golikipa, kikasimama kwenye tangazo la fundi cherehani wa Barabara ya Biashara, kijisanduku kisichozidi kiberiti.

"Hapa ndipo nilipojifundisha kazi," akasema. Kisha kwa nusu saa nzima hatukuzungumza mpira. Alisimulia kuhusu bukta za timu, zilizokatwa pale dukani kwa kitambaa kilichobaki cha sare za shule, na jinsi ya golikipa ilivyoshonwa ndogo, ikabidi siku ya mechi itiwe kipande cha rangi nyingine katikati. Yeye ndiye aliyekitia, usiku, kwa taa ya chemni. Uwanja mzima ulicheka golikipa alipoinama. Katika miaka yangu yote ya kukusanya sijawahi kusoma mahali popote habari za kile kipande.

Ndipo akaona ile penseli.

"Nani aliyeandika hivi?"

"Sijui, Ami. Nimeikuta hivyo."

"Tulishinda. Tatu kwa mbili. Nilikuwako."

"Labda ni mechi nyin..."

"Mwanangu, nakwambia nilikuwako."

Kabla sijanyoosha mkono, alikwisha kutoa biro kwenye mfuko wa kanzu, akaiweka karatasi juu ya paja, na pembeni ya ile 1–1 akaandika 3–2, kwa nguvu, namba kubwa za bluu. Wenzake barazani wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema ilikuwa nne kwa mbili, akanyamazishwa. Akanirudishia programu na kumwita muuza kahawa aniongeze kikombe.

Nilipofika nyumbani niliitazama kwa muda mrefu chini ya taa. Kisha nikafumba macho, nikapitisha kidole nyuma ya ukurasa. Ile penseli haikuacha kitu. Ile tatu naihisi, imezama kama herufi za risasi.