Kikomo cha bima ya afya ni nini?

Wakala wa bima akija kukaa barazani kwako, hutaja kwanza bei ya mwaka. Kikomo hukitaja mwisho, akikitaja. Nacho hasa ndicho unachonunua.

Kikomo ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni itakulipia katika mwaka mmoja wa bima. Kikiisha, bili iliyobaki ni yako. Kuna kikomo cha mtu, kila mmoja na fungu lake, na kuna kikomo cha familia, nyote mnachota pamoja. Tuseme mwalimu wa Malindi amechukua bima ya kulazwa ya familia, kikomo shilingi 500,000. Mwezi wa tatu mwanawe anagongwa na bodaboda, paja linavunjika, upasuaji na kitanda vinakula 420,000. Baba, mama na watoto wote sasa wana 80,000 mpaka mwaka uishe. Hata hivyo kwa mwenye kipato cha kati mimi naona kikomo cha familia kina nafuu: bei yake huwa chini, na si kawaida wawili kulazwa kwa maradhi mazito mwaka mmoja.

Ndani ya kikomo kikubwa mna vikomo vidogo, na hapa ndipo watu huumia. Uzazi, meno, miwani na maradhi uliyokuja nayo huwekewa mafungu yao, na mengine hayalipwi mpaka muda wa kungoja upite. Uzazi waweza kungojewa karibu mwaka. Karatasi ya juu ikisema milioni moja, fungua za ndani kabla hujatia saini.

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, haina hiari. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine. Wa 80,000 hutoa 2,200 kila mwezi, na mwenzi na watoto wamo. Lakini SHA hulipa viwango vilivyopangwa kwa kila huduma, na hospitali ya kibinafsi yaweza kutoza zaidi. Pengo hilo ndilo kazi ya bima ya kampuni. Kampuni nyingi huondoa kwanza sehemu ya SHA kwenye bili, kwa hiyo michango yako ikilala, sehemu hiyo utaitoa wewe.

Ukibana matumizi, nunua ya kulazwa peke yake. Matibabu ya nje hupandisha bei mno, na kikohozi cha mtoto hakikufilisi.

Mtu wa Lamu ana swali la ziada: kikomo cha kusafirisha mgonjwa. Mahututi akitolewa kisiwani huvushwa kwa boti hadi Mokowe ndipo apate barabara, au hupelekwa Manda kwenye uwanja wa ndege. Mwulize wakala, na akuonyeshe kwa maandishi: je, boti inalipwa, au ambulensi kwao ni gari tu? Na hospitali ya karibu inayoipokea kadi hiyo iko Lamu, Malindi au Mombasa?