Dada, acha kuloweka nywele kabla ya rola

Ujumbe umeingia tena. Picha ya kichwa kilichosimama upande mmoja na kulala upande wa pili, na chini yake maneno ninayoyajua kwa moyo: "Dada, nililowesha vizuri kabisa lakini hazijashika. Au hizi rola ni feki?"

Rola hizi za kupinda, za kukunja nywele bila moto, si feki. Kile ni kipande cha sponji chenye waya ndani, hakina cha kuharibika. Nikikosa rola naweza kukukunja kwa vipande vya khanga kuukuu na ukaenda nazo harusini. Tatizo limejificha kwenye hilo "vizuri kabisa". Sijui nani aliwaambia watu kwamba nywele zikiwa chapachapa ndiyo mikunjo inakaza, lakini imani hii imeenea kuliko mba, na nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja. Naijibu hapa, halafu kuanzia leo natuma linki.

Unywele ni protini, keratini, na ndani yake mna vifungo vya namna mbalimbali. Viwili vinatuhusu. Kuna vya salfa, vigumu, ambavyo ndivyo vinavyoguswa na dawa ya kunyoosha au kalikiti. Hivyo rola haiviwezi hata ulale nayo mwaka. Na kuna vya haidrojeni, dhaifu lakini vingi mno. Maji yakiingia vinafunguka, maji yakitoka vinajifunga upya katika umbo lolote ambalo unywele umo kwa wakati huo. Basi. Siri yote ni hapo kwenye "maji yakitoka". Kulowa kunafungua tu, kukauka ndiko kunakokunja.

Sasa fikiria wewe uliyeloweka. Unywele mmoja unaweza kubeba ndani yake maji karibu theluthi ya uzito wake, na hapo sijahesabu yanayochuruzika katikati ya unywele na unywele. Umefunga saa nne usiku, umefungua saa kumi na mbili asubuhi bado zina ubichi. Zitamalizia kukauka wapi? Mabegani, zikiwa zinaning'inia. Na umbo zitakaloshika ni hilo hilo la kuning'inia. Usiku kucha umelala na vijiti kichwani ili ukaushie nywele zako daladalani.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaliangalii, nalo ni rola yenyewe. Ishike mkononi. Zile nzuri za kupinda zina ngozi laini inayoteleza, hazinywi maji na hazipitishi hewa. Si kama zile rola za plastiki za zamani zenye matundu, ambazo hewa inapita katikati. Kwenye rola ya kupinda maji yana njia moja tu, kutoka nje. Kwa hiyo tabaka la nywele linalogusa rola ndilo la mwisho kukauka, na ndilo hilo hilo lililojikunja kwa kubana zaidi, yaani mkunjo wako wote uko pale. Unabonyeza kwa nje pamekauka, unafurahi, unafungua, ndani pabichi. Zile za bei rahisi zenye sponji ya wazi ni mbaya zaidi, zinanyonya maji halafu zinayashikilia dhidi ya nywele mpaka alfajiri. Na kuna wanaovaa kofia ya plastiki juu ya yote haya. Kofia ya plastiki, Dar es Salaam, mwezi wa nne! Hapo umejipikia nywele kwa mvuke.

Ndiyo, najua, fulani kwenye TikTok alilowesha na zikashika. Kwanza video imekatwa, hukuona yaliyofanyika kati ya kufunga na kufungua. Pili, angalia analala wapi. Nyumba za Marekani au Uingereza wakati wa baridi zinapashwa joto na hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka. Kitu kinachokauka kule usiku mmoja, huku kwetu wakati wa masika kinaamka kilivyolala. Mteja wangu akihamia Arusha au Nairobi ananiambia rola zimeanza kumkubali. Hazijaanza lolote, hewa ndiyo tofauti.

Sasa, unyevu kiasi gani? Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu nikisema "zisiloweshwe" kuna mtu atafunga nywele kavu kabisa na kurudi kulalamika. Kavu kabisa nazo hazishiki, vifungo havikufunguka. Unataka nywele zilizokwisha kuoshwa, zikakauka, halafu zikarudishiwa unyevu kidogo, fungu kwa fungu, unapofunga. Si kichwa kizima kwa mpigo. Shika fungu, puliza maji ya chupa mara mbili tatu kwa mbali, pitisha vidole kutoka shinani hadi nchani, kisha libane kwenye kiganja na ukifungue kiganja chako. Kikiwa cha baridi lakini hakina maji, funga. Kikimeremeta, umezidisha: acha fungu hilo, nenda la pili, utalirudia.

Nywele za dawa zinahitaji kidogo zaidi ya hapo, kwa kuwa zimelala na zinakauka upesi. Zilizopakwa rangi ya kutoa weusi zinanywa maji haraka na kuyaachia haraka, na mchana zinanywa tena ya hewani, kwa hiyo zinashika vizuri na kuachia vizuri vilevile. Usinilaumu.

Nywele za asili, hasa kipilipili, kazi inaanza siku moja kabla. Zinyooshwe kwanza. Sisemi pasi. Funga uzi, kama walivyotufunga bibi zetu, au gawa mabutu makubwa yavutwe vizuri, zikauke hivyo. Ukiruka hatua hii, ukafunga rola kwenye nywele zilizojirudi, asubuhi utakuwa na mikunjo inayong'aa kuanzia katikati hadi nchani, na huku chini mashina yamevimba yenyewe. Vichwa viwili kwenye shingo moja. Watu wengi wanaosema "nywele zangu hazipokei rola" hawajawahi kuzinyoosha kabla, ni hilo tu.

Kufunga kwenyewe sitaki kurefusha. Fungu lisizidi unene wa rola. Anza nchani, ncha ilale bapa kwenye rola kabla hujazungusha hata mara moja, maana ncha iliyojikunja vibaya hukauka ikiwa ndoano na huwezi kuiomba msamaha. Halafu zungusha kwa mshazari, ukipanda na urefu wa rola, kila mzunguko ukae kando ya mwenzake. Wengi wanarundika mzunguko juu ya mzunguko mahali pamoja, na hapo tumerudi kwenye tabaka la ndani lisilokauka. Kama nywele ni ndefu hadi zinarundikana zenyewe, chukua rola ndefu au punguza fungu. Rangi ya rola isikudanganye, kila kiwanda kina rangi zake. Pima unene kwa jicho.

Kichogoni weka rola chache, nyembamba, zenye unyevu mdogo kuliko kwingine kote. Unakulalia, kunapata joto na jasho, na hakupati hewa. Mimi huanza kufunga kichogo mwanzo kabisa, saa ya jioni mapema, ili kipate muda wa kukauka kabla mtu hajaenda kulala. Juu yake mtandio mwepesi au kofia ya satini, na feni ikuelekee. Hiyo feni inafanya kazi kuliko losheni yoyote niliyowahi kununua.

Tukizungumzia losheni: zile za kuseti zinasaidia, zinaacha utando mwembamba unaoushikilia mkunjo hewa ikiwa nzito. Povu pia. Lakini nikiwa mkweli, kwenye nywele za asili nene mara nyingi sioni tofauti kati ya niliyopaka losheni ya bei na niliyopaka maji yenye krimu kidogo, na vitabu vya chuo vinavyosisitiza losheni havikuandikwa kwa vichwa hivi. Ninachokuwa na uhakika nacho ni gliserini. Iache nyumbani. Inavuta maji kutoka hewani, ndiyo sifa yake, na ngozi inaipenda kwa sababu hiyo. Kwenye nywele ulizokunja, ndani ya hewa ya pwani, inaita adui mlangoni. Saa tano asubuhi mikunjo imevimba na kufunguka, halafu unaniuliza rola ni feki. Soma kopo la krimu yako, imo mara nyingi.

Mafuta ni mwisho, asubuhi, kwenye vidole, wakati wa kutenganisha. Ukiyapaka mazito kabla ya rola, nywele zinateleza na unyevu unachelewa kutoka.

Kabla ya kufungua kichwa kizima, fungua rola moja tu, ya kichogoni. Usiulize vidole, vidole vya asubuhi vinadanganya. Weka mkunjo ule kwenye shavu au mdomo wa juu. Ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Rudisha rola yako. Kisha uvute mkunjo polepole hadi chini na uuachie: ukiruka na kurudi ulipokuwa, sawa, ukishuka na kubaki umeshuka, zungusha tena.

Na kama bado ni mbichi na gari linakusubiri? Kaa chini ya drayer ukiwa na rola zako, joto la chini kabisa, mpaka zikauke. Hapo ndipo ninaposhambuliwa. "Si ulisema bila moto!" Jamani. Pasi inafika nyuzi 200 na zaidi na inabana unywele kati ya vyuma viwili. Drayer ya kofia kwenye joto la chini ni hewa ya vuguvugu inayopita. Kama neno "moto" limekuwa dini kwako, tumia kitufe cha hewa baridi, itachukua muda zaidi, ila itakausha.

Nami nina ugomvi na hili la "bila moto" lenyewe, eti maana yake haina madhara. Nimeona nywele za mbele zikirudi nyuma kwa rola zilizobanwa usiku baada ya usiku, kila mara mahali palepale. Kuvuta ni kuvuta, kuwe na joto au kusiwe. Nywele mbichi zinatanuka zaidi ya kavu na zinakatika kirahisi zikivutwa katika hali hiyo, kwa hiyo aliyeloweka na kukaza amejitafutia mawili. Ukishindwa kupandisha nyusi, umekaza mno. Na rola ambayo waya umeanza kutokeza nchani ni ya kutupwa, hata kama zimebaki mbili tu za rangi hiyo.

Kuhusu kulala na ngozi ya kichwa mbichi, wateja huniuliza kama inaleta mba. Ninachokiona ni harufu na kuwashwa, na vinanitosha kuwakataza. Siwezi kuapa kwamba mba ya mtu fulani imetokana na rola.

Kuna pia vichwa ambavyo nimefuata kila hatua, zimekauka kabisa, shavu limekubali, na ikifika adhuhuri mikunjo imekwenda. Wadada wawili wa mama mmoja, nywele ukizitazama ni zile zile, mmoja anakaa na mikunjo siku tatu na mwingine hamalizi kazi nayo. Kwa huyo wa pili napunguza unene wa rola na simwahidi kitu.

Asubuhi ukishafungua, usipulize maji "kuamsha" mikunjo. Umesoma mpaka hapa, unajua maji yanafanya nini.

Na wewe uliyefunga rola kwenye wigi la plastiki, ukapuliza maji na kulisubiri hadi asubuhi: hizo nyuzi hazina keratini, maji ya chupa hayazihusu. Zinaelewa joto tu. Lifunge rola, lilete saluni, tulichovye kwenye maji ya moto. Ulivue kwanza.