Dawa Lengwa kwa Watoto Wenye Uvimbe wa Ubongo: Maswali ya Wazazi

Dawa lengwa inatofautianaje na kemotherapi?

Kemotherapi hushambulia seli zinazogawanyika upesi, za uvimbe na hata za nywele na utumbo. Dawa lengwa huzuia protini fulani inayouchochea uvimbe ukue. Kwa watoto wenye glioma (uvimbe unaotokana na seli zinazotegemeza neva za ubongo) zinazokua polepole, kasoro mara nyingi huwa kwenye jeni ya BRAF.

Basi si mtoto aanzishiwe tu?

Hapana. Kwanza kipande cha uvimbe kipimwe jeni, na mzazi asione kwamba anacheleweshwa bure. BRAF huharibika kwa namna zaidi ya moja, na dawa inayofaa namna moja yaweza kuchochea nyingine. Liliwahi kutokea: katika jaribio moja, watoto wenye glioma walipewa dawa lengwa iitwayo sorafenib, ikitarajiwa uvimbe usinyae. Kwa wengi wao ukakua kwa kasi zaidi, jaribio likasimamishwa.

Kuna zilizofaulu?

Zipo. Watoto wenye badiliko la BRAF liitwalo V600E waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa dabrafenib pamoja na trametinib, wengine kemotherapi ya kawaida. Uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa asilimia 47 ya waliopata dawa lengwa, dhidi ya asilimia 11 ya wenzao. Mwaka 2023 Marekani ikaziidhinisha kwa watoto kuanzia mwaka 1. Ila kusinyaa si kupona, na hapo ndipo wengi huchanganya.

Mwanangu anaweza kupewa kidonge kisicho na dawa?

Katika jaribio hilo la dabrafenib na trametinib hakuna aliyepewa. Kila mtoto alipata tiba halisi. Uliza hivyohivyo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa. Mtoto anayeweza kuelewa naye aelezwe, aulizwe kama anakubali.

Kwa nini yasitumike matokeo ya watu wazima?

Uvimbe wa watoto mara nyingi una kasoro tofauti za jeni, tena mwili wao bado unakua. Kwa mfano tovorafenib, dawa lengwa nyingine iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, inaweza kupunguza kasi ya mtoto kurefuka.

Madhara mengine?

Homa, vipele, kuhara, ngozi ya pembeni mwa kucha kuvimba. Trametinib inaweza kugusa moyo na macho, hivyo navyo hupimwa.

Tunaweza kujitoa katikati ya jaribio?

Wakati wowote, bila kunyimwa matibabu mengine. Lakini zungumza na daktari kabla ya kukatiza dozi, kwa sababu uvimbe uliokuwa umetulia unaweza kuanza kukua tena.